Wosia wa Sista Rose

Soko la Majengo lilijaa vumbi na kelele za wapakua magunia siku Sebastiani aliposimama mbele ya meza ya karanga. Alimkuta muuzaji amefumba macho, midomo ikicheza.

"Dada, samahani. Nisubiri umalize kunena kwa lugha?"

Hilaria alifumbua macho, akachomoa waya wa simu sikioni. "Sineni kwa lugha. Najifunza Kihispania."

"Hapa? Katikati ya karanga?"

"Masomo ya bure hayachagui darasa. Nikupimie?"

"Pima polepole, nami nijifunze."

Hilaria akacheka, kisha akageuka ghafla, kama mtu aliyesikia akiitwa. Sebastiani, fundi cherehani mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri, aliona kwamba mwanamke huyu amevaa nyeusi tupu, kuanzia kilemba hadi sketi.

Jioni hiyohiyo alimfuata kwenye ukumbi wa parokia. Sista Pilar, mtawa kutoka Peru, alifundisha wanafunzi wachache bila ada, nao walifagia ukumbi kwa zamu. Hilaria hakuwa na kitabu. "Soma Injili," Sista alimwambia. "Unaijua kwa Kiswahili, basi itakufundisha Kihispania." Hilaria alisali kabla ya kufungua kila ukurasa. Sebastiani hakuwa na haja na Kihispania. Haja yake ilikaa dawati la mbele.

Majirani wa Hilaria walizoea kusikia sauti za wanawake wawili chumbani mwake. Moja ilikuwa ya Rose, mdogo wake, mtawa aliyefia Bolivia na kuzikwa hukohuko. Wenzake walituma sauti yake ya mwisho kwa simu: homa, pumzi nzito, maneno ya Kihispania. Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Jioni nyingine Hilaria alizima simu, na pumzi ile ikaendelea kusikika pembeni ya kitanda.

Kijijini kwao Kibakwe, mama yao alikataa kuanua matanga. "Mwanangu amesema, nasi hatujamsikia," alisema. Na katika ukoo wao, wosia husikiwa kwanza na ndugu wa damu. Mpaka hapo, hakuna harusi.

"Mpenzi," Sebastiani, ambaye sasa alikuwa mchumba wake, alisema kwenye simu, "Sista Pilar anaweza kuufasiri kabla chai haijapoa."

"Usirudie hilo, Seba."

"Kwa hiyo nitaoa tukifika somo la ngapi?"

"Ukiacha kusinzia darasani, mapema tu."

Lakini siku moja Hilaria aliacha simu dukani kwa Sebastiani ichajiwe, naye akajitumia ile sauti, akaipeleka kwa Sista Pilar. Sista aliizima aliposikia pumzi ya kwanza. "Hii si yako," alisema, na akamweleza Hilaria.

"Hila, sikuambiwa hata neno moja!"

"Ulitaka kuambiwa."

"Nilitaka uvue nyeusi, mpenzi wangu. Umri unakwenda."

"Ulimtia mdogo wangu mfukoni, Seba, ukazunguka naye mjini kama kipande cha kitambaa." Akakata simu.

Dawati la Sebastiani likabaki tupu. Hilaria aliendelea kufagia, kusali na kusoma. Kwaresima ilipofika, akasoma mateso ya Bwana kwa Yohana, taratibu, mpaka msalabani. "Tengo sed." Nina kiu.

Maneno hayo alikuwa akiyasikia kila jioni pembeni ya kitanda chake. Akawasha ile sauti, na mara hii ikafunguka. Nina kiu. Maji, tafadhali. Fungeni dirisha. Maji.

Hapakuwa na wosia.

"Seba," alilia kwenye simu, "alikuwa anaomba maji! Muda wote huu ananiomba maji, nami nakaa tu nikimsikiliza."

"Nakuja."

"Mama nimwambie nini? Anangoja wosia."

Sebastiani aliweka mkasi chini. "Ningekuwa mwovu, ningesema mwambie Rose ameruhusu tuoane."

"Nimeliwaza na mimi. Mungu anisamehe."

"Basi tukaseme kweli. Mimi nitakaa nje. Na unisamehe, Hila."

"Nilishakusamehe kwenye rozari. Nilikuwa nangoja mdomo wangu ukubali."

Huko Kibakwe, mama yao alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda, macho chini. Hilaria alifasiri neno kwa neno, asiongeze kitu.

"Alikuwa na kiu?"

"Ndiyo, mama."

"Walimpa?"

Hilaria hakuwahi kujiuliza hilo. Akaweka simu sikioni tena. Mwisho kabisa, nyuma ya pumzi, palikuwa na sauti ya mwanamke mwingine: "Toma, hermanita." Kunywa, mdogo wangu. Kisha kikombe kikagonga meno, na koo likameza.

"Walimpa, mama. Alikunywa."

Mama aliinama muda mrefu, mabega yakimtikisika. Alipoinuka, alijifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Anueni matanga," alisema. "Na yule anayeungua jua uani ni nani?"

"Mchumba wangu, mama. Ukimkubali."

"Mpe maji kwanza. Kwangu mtu hasimami na kiu."

Hilaria alichota maji mtungini kwa kata, akatoka nayo juani.