Dada Sinzia

Mwanamke alikuwa amelala wima kwenye foleni ya kantini, sinia mkononi, na foleni ilishasonga hatua tatu mbele yake. Alivaa sare ya kijani ya huduma kwa wateja, kola imekunjika upande mmoja, viatu amevikanyaga visigino kama kandambili.

"Dada, foleni imesonga," akasema kijana aliyesimama nyuma yake, mchoraji mpya wa studio ya katuni iliyokuwa ghorofa ya juu.

"Najua," akajibu bila kufumbua macho. "Nasubiri ifike mbali ndipo nitembee mara moja."

Mchoraji alicheka mpaka kijiko kikamponyoka. Hapo ndipo alipokwisha, na kama umewahi kupenda sina haja ya kukueleza zaidi.

Miezi minane baadaye walikuwa wapenzi wa kuchoka pamoja. Asubuhi mwanamke alipokea simu za watu waliokatiwa maji, na matusi yao yote. Mchana alipanda studioni kuingiza sauti, na hiyo ndiyo kazi aliyoipenda. Lakini kwenye anime yao, katuni ya vichekesho kuhusu wapangaji wa jengo moja, alikuwa na miaka miwili hajapewa zaidi ya sauti za umati. Anapiga kelele dirishani, anakohoa ngazini, basi.

Mwongozaji alipotaka mhusika mpya wa pembeni, mchoraji akamchora Dada Sinzia, jirani anayelala popote: ngazini, akipiga mswaki, hata katikati ya ugomvi. Alimfananisha na mpenzi wake makusudi, ili mwongozaji asimfikirie mtu mwingine kwa sauti hiyo. Ila mpenzi mwenyewe hakumwambia. Alitaka kumshtukiza. Wanaume na kushtukiza, sijui nani aliwaroga.

Jumanne michoro ikabandikwa ukutani mbele ya wote. Sura kumi na mbili: Sinzia anapiga miayo, Sinzia mate yanamtoka, Sinzia na kola yake. Studio nzima ikavunjika mbavu. Mwanamke alizitazama zote, moja moja, kisha akachukua mkoba wake akashuka.

"Mpenzi, mbona umeondoka?" mchoraji akauliza kwenye simu.

"Kumbe nikilala unanitazama, halafu unakwenda kuchekeshea watu."

"Sivyo, kipenzi. Nisikilize kwanza."

"Tangu asubuhi nasikiliza watu. Nimechoka." Akakata. Akalia kidogo, akafua sare, akalala.

Siku tatu hakupokea simu yake. Ijumaa mchoraji, roho juu, akamwendea mwongozaji na kumwambia amfute Sinzia. Mwongozaji akamshangaa, akafuta.

Jumamosi mchana akabisha hodi kwa mpenzi wake. Chumba kilinukia sabuni, na sare, iliyofuliwa tena asubuhi hiyo, ilining'inia dirishani bado ina maji. Mwanamke alimfungulia akiwa na gauni la nyumbani, macho mekundu.

"Nimemfuta," mchoraji akasema kabla hata hajakaa. "Nilimchora ili upate nafasi, laazizi. Lakini umeumia, basi nimemfuta."

Mwanamke akakaa kitandani.

"Ilikuwa nafasi yangu?"

"Yako."

"Miaka miwili nakohoa ngazini," akasema taratibu. "Napata mhusika mwenye jina, unampa sura yangu bila kuniuliza. Kisha unaninyang'anya bila kuniuliza. Kabla ya kunichora, niulize. Kabla ya kunifuta, niulize. Ni kazi kubwa hiyo?"

"Si kubwa. Nisamehe."

"Kaa hapo, na unyamaze."

Akachukua simu, akampigia mwongozaji. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kujivuta, sauti ya mtu anayeongea akiwa chini ya mto.

"Bosi, nasikia nimefutwa. Ningekuja tugombane, lakini kitanda kimenishika mguu. Njoo wewe, mlango uko wazi. Ukinikuta nimelala, anza kugombana, nitakukuta mbele."

Kicheko cha mwongozaji kilisikika hadi alipokaa mchoraji. Aje Jumatatu kurekodi, alisema, na huyo Sinzia arudishwe ukutani leo hii.

Mwanamke akaweka simu chini. Akapiga miayo.

"Naruhusiwa kukukumbatia?" mchoraji akauliza.

"Angalau unajifunza. Njoo."

Akamkumbatia.

"Nina swali jingine," akasema mchoraji. "Nataka nikuoe. Unaonaje?"

"Naona usingizi."

"Na swali langu?"

"Niulize nikiamka. Nikijibu sasa, siku tukikosana utasema sikujua ninachosema."

Akalala papo hapo begani kwake. Mchoraji hakusogea. Mkono ulimfa ganzi, kiu ikamshika, sare dirishani ikakauka kabisa, naye akabaki pale na hofu yake, maana mtu akiamka huweza kuamka na jibu lolote.

Mwanamke alipofumbua macho alikuwa na alama ya kifungo cha shati shavuni.

"Haya," akasema. "Uliza."

Mchoraji akauliza, polepole, neno kwa neno. Naye akakubali akiwa macho kabisa.