Funza Ndani ya Ua

Nyumba yetu ni ya mwisho. Nyuma yake ni mikoko, na nyuma ya mikoko ni bahari. Asubuhi mimi hufagia uani, mke wa mwanangu huwasha jiko, na mjukuu huwa bado amelala chumba cha nyuma.

Siku moja niliona unga kama wa msumeno chini ya mkoko mmoja. Tawi lilikuwa na matundu. Niliweka sikio. Ndani kulikuwa na kitu kinatafuna.

Mikoko ikianguka, bahari itaingia kwa mjukuu.

Nilikwenda ofisi ya misitu mara mbili. "Tumekusikia, mzee," walisema. Kusikia wanajua. Kuja ndiyo kazi.

Basi nilishika panga, nikakata matawi yote yenye matundu. Kuyatupa niliona hasara. Niliyajengea ua wa kuzuia mbuzi, kuzunguka mikoko kumi michanga aliyoipanda marehemu mke wangu.

Baada ya miezi miwili mke wa mwanangu aliniita. "Baba, mikoko ya mama inakauka." Hakunitazama usoni.

Ndipo akaja mama mmoja wa ofisi ile, buti zimejaa tope.

"Leo mmeota njia?" nilimwuliza.

"Utanisema baadaye, baba. Nipe panga kwanza."

Alipasua kijiti cha ua. Funza mnene akajikunja kiganjani mwake.

"Huyu atakuwa nondo, yule kipepeo wa usiku. Nondo atataga mayai kwenye mti wa karibu. Ukikata tawi ukaliacha hapa, yeye anaendelea kula tu. Umemfukuza mwizi sebuleni, ukamtandikia kitanda chumbani."

Mke wa mwanangu alicheka. Mimi niligeukia mikoko ya marehemu.

"Nimwage dawa?"

"Usithubutu. Maji yakijaa yatabeba sumu mpaka kwa kaa na samaki. Kata chini ya tundu hadi uone mti safi. Tawi lichome siku hiyohiyo, mchangani, mbali na mikoko. Na ukague kila wiki."

Tulibomoa ua wote, tukauchoma. Mikoko minne ya marehemu ilikufa. Sita ilichipua.

Kisha yakaja maji makuu. Tulikaa chumba cha nyuma, mjukuu magotini kwangu. Bahari ilinguruma ndani ya mikoko. Ilifika uani ikiwa imechoka, ikalowesha ufagio wangu, ikarudi.

Ofisini bado wananisikia. Mimi kila wiki naweka sikio kwenye mti, nabana pumzi, nangoja. Mpaka leo, kimya.