Sauti Ndani ya Injini ya Taaka

Rafiki yangu Clifford ni fundi wa kompyuta za magari pale Busia. Alasiri moja yeye na Taaka, mama aliyefungiwa garini supachaja mpya, kifaa cha kuipa injini nguvu zaidi, walikuwa barabara ya Tiira. Taaka aliendesha, Clifford alirekebisha kompyuta ya gari kwa laptopu, amevaa spika za masikioni zilizounganishwa na injini, asikie kama inagonga vibaya.

Ikagonga.

"Zima, mama."

Taaka akazima. Wingu la mvua lilikuwa limeleta giza. Masikioni mwa Clifford kugonga kukaendelea, ngo, ngo, polepole, kama mtu anayechimba.

"Fundi, iko nini?" Taaka akauliza.

Clifford akabana spika masikioni. Kugonga kulikoma. Akamtazama Taaka, mdomo wa mama umefumbwa, na kutoka kwenye injini akaisikia sauti ya Taaka huyohuyo ikinong'ona, "Washa tena. Huku ni giza."