Flashi ya Bamdogo Anord

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Najua ninyi mmefundishwa kwamba mgeni akija mwenyeji hupona. Mimi pia niliimba hivyo tangu darasa la kwanza. Lakini mwezi Juni, nikiwa darasa la sita, mgeni alikuja nyumbani kwetu Kihesa, na ugonjwa alioingia nao ulikaribia kufuta majina ya watu elfu tatu.

Siku zetu zilikuwa zikifanana. Asubuhi nilifagia uwanja huku baridi ya Iringa ikinikata vidole, nikanywa uji, nikakimbilia shule. Jioni nilimkuta mama sebuleni mbele ya kompyuta, amejifunika shali ya sufi, chai yake imepoa pembeni. Baba alikuwa Mafinga kwenye kazi ya mbao na alirudi mwisho wa mwezi tu.

Mama ni katibu wa usharika wetu. Kwa miaka minne alikuwa akinakili vitabu vya zamani vya ubatizo, jina baada ya jina. Mchwa walikuwa wamevila vitabu hivyo vibaya. Kurasa nyingine ukizigusa ziligeuka unga mkononi, kwa hiyo mama alipomaliza kuandika ukurasa, mara nyingi ukurasa wenyewe nao ulikuwa umekwisha.

“Watu hawa sasa wanaishi humu,” aliniambia, akigonga kompyuta kwa kidole. “Wengi wao wameshazikwa. Hii ikiharibika, watakuwa wamekufa mara ya pili.”

Jumanne moja, kona ya skrini ilionyesha ujumbe kwamba kinga ya kompyuta haijasasishwa kwa muda mrefu. Mama alinikabidhi kazi.

“Happy, kesho ukitoka shule pita Mshindo kwa fundi Ruwaida. Muulize tuweke antivirus gani. Usichague kwa kubahatisha.”

“Sawa, mama.”

Sikufika Mshindo. Siku ya pili yake, nilipopita nyumbani kuweka begi, nilimkuta Bamdogo Anord sebuleni. Huyu ni mdogo wake baba. Ana kibanda cha kuingiza nyimbo na filamu kwenye simu za watu huko Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, na alikuwa amefika bila taarifa. Mama alikuwa bado ofisini usharikani.

“Kamwene, mwanangu! Mbona mbio hivyo, umefukuzwa na nyuki?”

Nilipiga magoti, nikamsalimia, nikamweleza ninakokwenda. Alicheka hadi kofia ikamwanguka.

“Uende kwa fundi, na mimi nimekaa hapa? Hilo ni tusi!” Akatoa flashi nyekundu mfukoni. “Antivirus kubwa kabisa. Wenzenu wanailipia kila mwaka. Hii imeshavunjwa kufuli, itafanya kazi milele. Pokea.”

Kwetu, anachokileta mkubwa hupokewa kwa mikono miwili, na zawadi haikaguliwi mbele ya mgeni. Nikapokea kwa mikono miwili. Flashi ile ilikuwa imepita kwenye kila sabufa na kila simu ya Makongolosi, nami niliishika kama mkate wa meza ya Bwana.

Nilipoichomeka, skrini ikatoa onyo jekundu. Faili hili ni hatari, ilisema. Vidole vyangu vikasita.

“Bamdogo, inakataa.”

“Inaona wivu tu. Zima hiyo kinga ya zamani kwanza, ndiyo mpya iingie.”

“Lakini kama inasema hatari...”

“Happy! Binti wa ukoo wa Kalinga anaogopa flashi? Au unaniona mimi mwizi?”

Nitamjibuje mdogo wa baba yangu kwamba ndiyo, namtilia shaka? Nikaizima kinga. Onyo likatoweka, na sebule ikawa kimya mno. Kisha feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma, ingawa hakuna aliyegusa kitu.

Mama alipoingia aliuliza jambo moja tu. “Ulimwona Ruwaida?”

Bamdogo alikuwa akinitazama. “Nilimwona,” nikasema. “Tumeshaweka.”

Alhamisi niliogopa kuingia sebuleni. Feni iliunguruma jioni nzima kama mtu mwenye homa ya mapafu. Mama alibofya, akangoja, akabofya tena. “Hii antivirus ya Ruwaida ni nzito,” alinung’unika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona mshale wa kipanya ukisogea peke yake, polepole, kuelekea kwenye folda ya ubatizo, halafu ukatulia. Mama alikuwa ameinama kuchukua kalamu. Hakuuona. Mimi niliuona, nikanyamaza.

Ijumaa nilishindwa hata kula makande ya shuleni. Kengele ya kutoka ilipogonga, nilikwenda moja kwa moja Mshindo. Fundi Ruwaida alikuwa amefungua tumbo la kompyuta ya mtu, kijiti cha kusafishia vumbi kikiwa katikati ya meno.

“Shikamoo, da Ruwaida. Nina rafiki yangu...”

“Marahaba. Mmh! Hao marafiki. Kila siku wanaharibu vitu vya watu halafu hawaji wenyewe. Haya, rafiki yako kafanya nini?”

Nikamsimulia habari za “rafiki” yangu. Aliposikia kuhusu kuzima kinga, alikitoa kile kijiti mdomoni, akakiweka chini.

“Sikiliza vizuri. Kompyuta hiyo ilikuja na kinga yake. Kazi ilikuwa kuiwasha na kuisasisha tu, basi. Akitaka nyingine, aipakue kutoka kwa wenyewe walioitengeneza, tena iwe moja, maana zikiwa mbili zinapigana. Lakini antivirus inayokuambia uzime kinga kwanza? Huyo ni mlinzi anayeomba umfukuze mbwa kabla hajaanza kazi. Utamwajiri?”

“Hapana.”

“Sasa mwambie rafiki yako aizime kompyuta, aondoe intaneti, asichomeke kitu chochote. Chochote! Si flashi, si simu, si diski. Hao wezi wa mtandaoni wakishaingia hufunga mafaili yote wanayoyafikia, na ukichomeka nakala yako nayo wanaila. Na amwambie mama yake leo. Sio kesho.”

Nilirudi mbio. Kompyuta niliizima. Lakini mezani Bamdogo alikuwa akimchekesha mama kwa visa vya wachimba dhahabu, na mama, ambaye hucheka mara chache baba akiwa mbali, alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho ilikuwa Jumamosi, ukungu umeshuka hadi madirishani. Bibi Matilda, muumini wa usharika wetu, alikuwa amepanda kutoka Ipogolo tangu alfajiri. Kitambulisho chake kilikuwa na mwaka wa kuzaliwa usio wake, na ofisi ilimtaka Jumatatu apeleke cheti cha ubatizo. Alikaa kwenye kochi, fimbo katikati ya magoti, akasema, “Mwanangu, nilibatizwa mwaka wa njaa. Nitafute tu, nimo.”

Nilikuwa jikoni nikichemsha maji niliposikia kompyuta ikiwashwa. Nilidondosha kikombe.

“Mama, usiwa...”

Nilichelewa. Mama alikuwa ameshafungua folda. Majina ya mafaili yalikuwa yakibadilika mbele ya macho yetu, moja baada ya jingine kutoka juu kwenda chini, kila moja likiota mkia wa herufi zisizo na maana. Ubatizo wa miaka ya hamsini. Ubatizo wa miaka ya sitini. Mama alibofya moja, likakataa. Akabofya jingine. Kisha skrini nzima ikawa nyeusi, ikabaki sentensi moja tu ya Kiingereza iliyosema mafaili yetu yamefungwa, tuwaandikie wao.

“Mungu wangu,” mama alinong’ona. “Watu wangu.”

“Sijaonekana?” aliuliza Bibi Matilda.

Bamdogo akaruka kutoka kwenye kiti. “Tulia, shemeji, tulia! Si una nakala kwenye diski ya nje? Tunaichomeka, tunarudisha kila kitu sasa hivi.” Alivuta droo, akaitoa diski ndogo nyeusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa nakala pekee duniani. Akashika waya wake, akauelekeza kwenye tundu la kompyuta.

Nilivuka sebule mbio. Nikaudaka mkono wake kwa nguvu zangu zote.

“Usichomeke!”

“Wewe mtoto, niachie!”

“Siachii! Itaiua na hiyo!”

“Happy!” mama alifoka. “Unamshika baba yako mkono?”

Bamdogo alinisukuma kwa kiwiko. Nikauma meno, nikaukunja waya, nikaipokonya diski na kuikumbatia tumboni kama mtu aliyeficha kifaranga mwewe akipita. Kisha nikachomoa plagi ya kompyuta ukutani. Mngurumo ukakatika.

Hapo hapo nilisema yote. Kuhusu flashi, kuhusu onyo jekundu, kuhusu mshale uliotembea peke yake, kuhusu Ruwaida ambaye sikumwona Jumatano bali jana. Mama alinyoosha mkono, nikampa ile diski, akaifunga ndani ya shali yake.

“Bibi Matilda, tuwie radhi, rudi kesho baada ya ibada,” alisema. “Happy, vaa viatu. Tunaipeleka kompyuta Mshindo.”

Ruwaida alifuta kompyuta yote, akaanza upya kama anayejenga nyumba kwenye kiwanja kilichoungua. Akaiwasha kinga yake yenyewe, akaisasisha mbele yetu. Diski aliipima kwanza kwenye mashine nyingine. Tulingoja saa mbili, mimi natazama sakafu. Mwishowe Ruwaida aligeuza skrini.

“Wamo. Zimepotea kurasa za wiki mbili za mwisho tu.”

Kurasa hizo, kwa bahati, mchwa walikuwa hawajazimaliza. Mama aliweza kuziandika tena.

Jumapili baada ya ibada, Bibi Matilda aliondoka na cheti chake amekikunja ndani ya kitenge kifuani. Mama alifunga mlango, akatuketisha sote wawili, mimi na Bamdogo.

“Happy,” alisema, “mgeni apewe kiti, apewe chakula, apigiwe magoti. Hiyo ni heshima. Lakini kinachoingia kwenye kazi ya watu hukaguliwa, hata kikiletwa na askofu. Onyo uliliona ukalizima kwa aibu. Na uongo wako wa siku tatu ulitudhuru kuliko hiyo flashi, kwa sababu Jumatano jambo hili lilikuwa dogo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo.”

Nilipiga magoti mbele yake. “Nisamehe, mama. Nilikudanganya.”

“Nimekusamehe.”

Bamdogo alikohoa. Alikuwa amenuna tangu jana. “Shemeji, umesema vyema. Mimi nilidhani nawasaidia, na nimekosa, nakiri. Lakini mtoto huyu alinishika mkono na kunipokonya kitu mbele ya mzee wa watu. Hilo nalo lisemwe. Na mimi aniombe radhi.”

Mama alinitazama mimi, akaniachia nijibu mwenyewe.

Nilibaki nimepiga magoti, maana heshima yake ilikuwa palepale. Nikamtazama usoni.

“Bamdogo, nakupenda na nakuheshimu. Lakini kwa kukushika mkono siombi radhi. Wala kesho sitaomba.”