Mnunuzi wa Chumba cha Nyuma

Jioni ile Zébédée Kitwa alirudi kutoka kazini na kopo la rangi nyeusi mkononi. Alikuwa sekretari wa shule moja ya kanisa pale Kamina, na rangi ilikuwa imebaki walipopaka ubao wa darasa la tano. Hakuingia hata ndani kuvua koti. Alisimama mbele ya nyumba yake, upande wa barabara, akachovya brashi na kuanza kuandika ukutani kwa herufi kubwa.

Nusu ya kuta za mtaa ule zilikuwa zimeandikwa PARSELI HII HAIUZWI, kwa kuogopa matapeli wa viwanja. Yeye alikuwa akiandika kinyume chake. NYUMBA HII INA…

Hakumaliza.

"Nitainunua."

Sauti ilikuwa nyuma yake, karibu na sikio. Zébédée aligeuka, rangi ikamdondokea kiatuni. Punde tu kabla ya hapo, barabara ilikuwa tupu hadi kwenye reli. Sasa alisimama mwanamke wa makamo, kitenge cha buluu iliyokolea, mkoba umebanwa kwapani. Ulikuwa mwezi wa saba, vumbi limefunika hadi majani ya miparachichi, lakini viatu vya mwanamke yule vilikuwa safi. Na alikuwa na harufu. Si mbaya sana. Harufu ya tope la ziwani, ya matete yaliyolala majini siku nyingi.

"Bonsoir, mama," alisema Zébédée. "Ulijua namna gani kama inauzishwa? Sijamaliza ata kuandika."

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

Mwanamke alihamisha mkoba kwapa jingine. "Jina yangu Mira. Minatoka Kinkondja, ku ziwa. Unionyeshe nyumba."

Zébédée alipaswa kushangaa zaidi. Lakini alikuwa na haraka ya kuuza kuliko ya kuuliza. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu binti yao Ève afe kwa malaria, akiwa na miaka sita, na kwa miaka hiyo miwili mke wake Lise hakuwa akiishi. Alikuwa akikaa tu. Kila magharibi aliingia chumba cha nyuma, akaketi juu ya kitanda kidogo gizani, akazungumza kwa sauti ya chini. Alikuwa ameacha kufundisha, ameacha kwaya. Kaka yake Zébédée aliwaita Likasi waanze upya. Lise alikataa, na neno lake lilikuwa lile lile daima.

"Tukienda, Ève atabakia na nani?"

Kwa hiyo Zébédée alifungua mlango wa mbele kwa furaha. Alionyesha sebule, akaonyesha mabati ya paa, misumari isiyo na kutu hata mmoja. Mwanamke hakuinua macho. Hakukanyaga hata kizingiti. Alizunguka nyumba kwa nje, moja kwa moja, kama mtu anayejua njia, mpaka kwenye dirisha la nyuma. Akaweka sikio ukutani.

Akatabasamu.

"Hii njo chumba ya mutoto."

"Ilikuwa ya mutoto," alisema Zébédée.

"Iko."

Ndani, Lise alikuwa ameketi mahali pake pa kila jioni. Aliinua uso. Wanawake wale wawili walitazamana kupitia nondo za dirisha, muda mrefu, bila salamu. Kisha Lise aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemtambua mgeni aliyemngojea.

*

Kesho yake Zébédée aliomba ruhusa shuleni, akapaka chokaa chumba cha nyuma. Mnunuzi yeyote hupenda nyumba safi, ndivyo alivyojiambia. Jua lilipokuwa likizama, harufu ya tope ilifika kabla ya mwenyewe.

Mira alisimama dirishani. Uso wake ulibadilika.

"Nani alikuambia upake?"

"Mama, ni juu nyumba ipendeze…"

"Mistari iko wapi?"

Zébédée aligeukia mlango. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba kile, upande wa ndani, ilikuwapo mistari ya penseli. Alikuwa akimsimamisha Ève pale kila siku ya kuzaliwa kwake na kumpima kimo. Kutoka dirishani mistari haikuonekana. Na mwanamke huyu hakuwa ameingia.

"Toa ile chokaa," alisema Mira. "Nyumba ya kufutwa, siitaki. Tena kitanda kibakie. Kikombe yake ibakie. Na ile kiatu moja, ile yenye mulikosa mwenzake, msiitupe."

"Mama, weye unanunua nyumba, ao unanunua nini?"

Alitaka kumfukuza, na angemfukuza, lakini Lise alitoka jikoni na kitambaa chenye maji. Alipiga magoti mlangoni akaanza kusugua mwimo, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Chokaa ikalainika. Mstari wa kwanza ukatokea. Wa pili. Wa tatu…

Zébédée alihesabu pamoja naye bila kutaka.

Sita alikuwa ameichora kwa mkono wake.

Ilikuwa saba.

Wa saba ulikuwa juu ya mingine, upana wa vidole vitatu. Lise aliugusa kwa ncha ya kidole, hakushangaa.

"Anakomaa," alinong'ona.

Zébédée alipogeuka dirishani, hapakuwa na mtu. Harufu tu.

*

Asubuhi ya tatu jirani yao Mama Marceline alimwita kwenye uzio wa matete, kabla hajaenda kazini. Mumewe alikuwa mwanajeshi, na walikuwa wamekaa miaka mingi kule base, kambi ya jeshi, kabla ya kuhamia mtaani.

"Papa Ève, ule muke mwenye kuvala buluu, minajua sura yake. Usimuuzishie kitu."

"Ulimuona wapi?"

"Kule base, mwaka ilipita. Bibi ya serja Likoke alipoteza mutoto mwanaume. Ule muke akakuya, anasema anataka kununua nyumba yabo. Nyumba ya État, ya serikali! Nani anauzishaka nyumba ya État? Akakuya mara tatu, kila magaribi. Kisha hatukumuona tena."

"Na bibi ya Likoke?"

Mama Marceline alitazama nyuma yake kabla ya kujibu.

"Iko muzuri. Anakula, analala, anacheka. Ukimuuliza juu ya mutoto, anakushangaa. Anasema hajazala ata siku moja."

Siku nzima Zébédée hakuandika barua hata moja ikanyooka. Aliamua. Mwanamke yule akija, ataambiwa nyumba haiuzwi tena, basi. Aliondoka shuleni mapema, akapanda pikipiki ya taxi-moto ili afike kabla ya jua kushuka.

Alimkuta ameshafika.

Lise alikuwa amempa kiti uani. Alikuwa amesuka nywele zake upya, jambo ambalo Zébédée hakuwa ameliona kwa miaka miwili. Juu ya magoti ya Mira ilikuwa karatasi ya mauzo, ile ambayo Zébédée mwenyewe aliiandaa juzi na kuifungia kabatini.

"Inakosa mustari moja," alisema Mira. "Andika: nyumba pamoja na benye kuikala ndani."

"Sitaandika."

"Andika, papa."

"Siuzishe tena. Simama, mama, urudie kwako."

Alingoja ghadhabu. Haikuja. Mira alikunja karatasi mara mbili, akamrudishia kwa mikono yote miwili, kwa adabu.

"Haizuru. Mama yake alishaitika."

Zébédée alimtazama mke wake. Lise alikuwa akilia, na katika kulia kule alikuwa akitabasamu.

"Lise. Sema hapana."

"Weye ulitaka tumuache, Papa Ève. Yeye anataka kumubeba."

"Sema hapana, minakuomba."

"Nimechoka." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Weye hauko unamusikia. Kila magaribi ananiuliza kama saa ya kuenda imefika. Minamujibu bado. Miaka mbili, minamujibu bado. Atafika mwisho gani?"

Ndani ya nyumba, mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka.

Hapakuwa na upepo.

Kisha nyayo. Ndogo. Mguu mmoja umevaa kiatu, mwingine mtupu, juu ya saruji.

Tap… pa. Tap… pa.

Zikapita sebuleni. Zikashuka kizingiti. Zébédée alisikia kila moja, yeye ambaye kwa miaka miwili hakusikia kitu na alimwona mke wake mgonjwa. Hewa ikawa baridi, lakini si hewa yote. Baridi ile ilikuwa chini, kimo cha mapaja yake. Ikamsogelea. Ikasimama.

Kitu kikashika suruali yake, juu kidogo ya goti. Kikavuta kidogo.

Angeinama. Angesema neno moja, jina tu. Lakini aliogopa, akabaki anatazama mbele kama askari kwenye gwaride. Mvuto ule ulidumu kitambo. Ukalegea. Ukaachia.

Mira alisimama, akaaga kwa kichwa. Alipofika langoni alipunguza mwendo wake, akatembea kwa hatua fupi fupi, kama mtu asiye peke yake. Vumbi la barabara likawameza.

Lise alipangusa mashavu kwa kiganja. Akakitazama kile kiganja kilicholowa, akashangaa.

"Ee! Minalia juu ya nini?" Akacheka, kicheko kizima, cha zamani. "Zébédée, juu ya nini unasimama vile? Hauna njaa? Minyi niko na njaa sana."

*

Usiku ule Lise alilala mpaka kulipokucha. Asubuhi aliingia chumba cha nyuma na ufagio, akafungua dirisha, akasimama mikono kiunoni.

"Hii kitanda kadogo ni ya nani?" aliuliza.

Zébédée alitazama sakafu, na Lise akajijibu mwenyewe.

"Ya benye walikuwa hapa mbele yetu, nazani. Tumupe Mama Marceline, iko na bajukuu."

Kutoka uzioni Mama Marceline aliita, "Mama Ève! Mama Ève!" Lise aliendelea kufagia. Hakugeuka. Jina lile lilipita juu yake kama la mtu wa nyumba nyingine. Mama Marceline alimtazama Zébédée kwa mbali, kisha akaingia kwake na kufunga mlango.

Baada ya juma moja Lise alirudi kufundisha. Kwaya ilimpokea kwa vigelegele. Mchungaji alimshika Zébédée mkono mlangoni mwa kanisa, akamwambia Mungu amejibu maombi yao, na Zébédée akasema amina. Angesema nini kingine? Mke wake alikuwa amenenepa kidogo usoni. Alikuwa akipika bukari, ugali wa kwao, na kula wote. Alipouliza kwa nini ukutani pameandikwa nusu neno, na kwa nini wauze nyumba nzuri kama hii, Zébédée alichukua chokaa akayafuta maandishi.

Mira hakurudi kudai ufunguo.

Kuna jioni moja Zébédée alijaribu. Alikaa karibu na mke wake, akaanza: "Lise, unakumbuka ile homa ya…" Alimtazama usoni, uso uliopumzika. Amrudishie nini? Amrudishie kitanda na giza? Akamuuliza kuhusu kwaya. Tangu hapo alikuwa akiomboleza peke yake, kwa siri, kama mwizi ndani ya nyumba yake.

Mwezi wa tisa ulipoanza, aliomba tena ruhusa kazini, siku ya ine, Alhamisi, akaenda makaburini. Alinunua mishumaa miwili sokoni. Mlinzi wa pale, mzee Umba, alikuwa akikaanga karanga kando ya kibanda chake.

"Karibu, Papa Ève. Mulipishana na mama."

"Mama gani? Bibi yangu iko ku masomo, anafundisha."

"Mama Ève, njo minasema. Anakuyaka kila siku ya ine. Anafagia, anamwanga maji." Mzee alikuna kichwa. "Mbele ilikuwa anakuya ule ingine, mwembamba, mwenye kulia. Huyu halie. Ni huyu njo aliniambia yeye ni mama yake."

Zébédée alikwenda upesi kati ya misalaba. Kaburi la binti yake lilikuwa limefagiwa vizuri kuliko yote ya mstari ule. Mchanga ulikuwa umelowa, mweusi, katika ukame ule ambao hata visima vilikuwa vinatoa matope. Hakuhitaji kuinama ili asikie harufu.

Aliinua macho.

Mbali, kwenye njia inayofuata reli, mwanamke wa kitenge cha buluu alikuwa akienda zake polepole. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshuka kando, imejikunja kidogo, jinsi mtu anavyowashika watoto wawili, mmoja huku na mmoja huku.

Zébédée alidondosha mishumaa. Alivuta pumzi ili aite. Safari hii angeita, hata kama watu wote wa Kamina wangemwona mwendawazimu.

Kabla sauti haijamtoka, mwanamke alisimama. Aligeuka nusu. Akaachia mkono wa kushoto, akauinua, akaweka kidole juu ya midomo yake.

Shhh…

Lakini hakuwa akimtazama Zébédée. Alikuwa akitazama chini, upande wake wa kushoto, kwa upole, kama mama anavyomkataza mtoto kuita mtu asiyemjua barabarani.