Mafuta ya Mnanaa Puani mwa Munnu

Kila mwaka kabla ya mvua, kijiji cha kina Sarla, karibu na mji wa Barabanki nchini India, hukosa usingizi kwa mavuno ya mnanaa. Mnanaa uliokatwa hausubiri. Zamu yako ikifika kwenye tanki la kuchemshia majani, unachemsha na kukinga mafuta, uwe umechoka usiwe umechoka.

Siku moja ya msimu huo Sarla, msichana wa darasa la tano, aliteka maji, akafua nepi, akampelekea Mama chapati tankini, kisha akarudi kumbeba mdogo wake Munnu, wa miezi minne. Munnu alikuwa na mafua. Alilia tangu asubuhi hadi mgongo wa Sarla ukawaka moto.

"Mbembeleze wewe. Mimi magoti yangu yamegoma," alisema Bibi kitandani, akijipaka mafuta ya mnanaa.

"Bibi, magoti yako yaligoma kabla sijazaliwa."

"Na mdomo wako haujagoma hata siku moja!"

Bibi akasinzia. Sarla akaitazama chupa yake ya mafuta. Kama yanatuliza magoti, yatashindwa na mafua? Akachovya kidole, akanusa. Hakusikia kitu. Msimu huo nguo, mito, hata maziwa vilinuka mnanaa, na pua za nyumba nzima zilikwisha kuzoea. Akadhani mafuta yameisha nguvu. Akampaka Munnu chini ya pua, akachovya tena, akamwongezea.

Kilio kikakatika. Afadhali, akawaza. Kisha akamwona mtoto amekodoa macho, kinywa wazi, kifua kinahangaika na pumzi haiingii.

"Mama! Mama!"

Mama akaja mbio kutoka tankini, majivu mikononi. "Amemeza nini?"

"Jicho baya hilo!" Bibi akapiga kelele. "Leteni pilipili tumzungushie kichwani, liondoke!"

Hakuna aliyeshuku mafuta. Mama mwenyewe alinuka mnanaa kuliko mtoto. Sarla akajua kwamba asiposema yeye, hakuna atakayejua. Na akisema, atapigwa. Midomo ya Munnu ilianza kubadilika rangi.

"Nimempaka mafuta, Mama. Puani. Mengi."

Mama hakumpiga. Alinyakua kitambaa, maji na sabuni, akampangusa mtoto, akatoka naye nje penye hewa. Munnu akakohoa, akavuta pumzi, akalia. Mama akaketi chini kama gunia lililoachiwa.

Wakampeleka zahanati. Sarla akaeleza yote, hata pilipili za Bibi. Muuguzi Shakuntala alimsikiliza Munnu kifua, akakaa naye hadi jua liliposhuka.

"Mafuta yenu yana mentholi," akamwambia Sarla. "Ni aina ya alkoholi, ingawa si pombe. Kwa magoti ya bibi yako inafaa: ngozi hujisikia baridi, maumivu yakapungua. Lakini pua haiifungui, huifanya tu ijisikie imefunguka. Na koo la mtoto mchanga linaweza kujifunga ghafla. Usimpake, hata tone. Kwa mafua yake nitakupeni matone ya maji ya chumvi, na anyonye. Pilipili, mwambie bibi yako atie kwenye dengu."

Njiani Sarla alilia. "Nilikuwa nimechoka, Mama."

"Sote tumechoka, mwanangu. Kuchoka si kosa. Kosa ni kumtia mtu dawa bila kuuliza, hata kama dawa yenyewe tunaipika sisi." Mama alimhamishia Munnu bega la pili. "Lakini ulisema, na ulisema upesi. Ungenyamaza, leo tungerudi bila yeye. Siku nyingine uniite. Nimelala, niko tankini, nimekasirika, wewe niite tu."