Mafuta ya Habsa

Kitanda kilibonyea upande wa Habsa, na Habsa hakuwa kitandani. Alikuwa amesimama dirishani mchana ule, mkono tumboni, akimsikiliza mama mkwe wake, Asho, akifukuza mbuzi uani. Springi zikalia. Akageuka. Godoro lilikuwa na shimo, pana kama alivyokuwa yeye mwezi uliopita.

"Ni dawa tu," alijiambia. Daktari alimwambia kizunguzungu kitakuja.

Sasa niseme ukweli, hakuna aliyemtuma kwa daktari huyo. Habsa alikuwa mnene, mzuri, anajaza mlango, na Isiolo nzima ya miaka ile ya themanini ilijua Gedi alimwoa kwa unene huo huo. Lakini Gedi ana mdomo, jamani! Siku moja, mbele ya madereva wake, alisema, "Habsa akipanda lori langu, springi zinaomba msamaha." Wanaume wakavunjika mbavu. Habsa naye akacheka, akaingia ndani, akalia mpaka macho yakavimba. Gedi alipoondoka kwa safari ndefu ya Moyale, yeye aliaga nyumbani kwamba anaenda kutolewa mawe ya nyongo, akapanda gari la Nairobi.

Huko alikuwako daktari aliyerudi na ufundi mpya kutoka Ulaya. Anatoboa ngozi, anaingiza mrija, anafyonza mafuta kwa mashine. Alimweleza vizuri mambo ya kutarajia. Atavimba, ngozi itageuka rangi ya biringanya. Vidonda vitatoa majimaji. Atavaa mkanda wa kubana kwa wiki nyingi. Tumbo litakufa ganzi kwa miezi, hata akichomwa asisikie. "Lakini mafuta yakishatoka, mama, hayarudi."

Alipozinduka, nesi mmoja Mmeru, Ntongai, alimwonyesha chupa kubwa zilizojaa kitu cha manjano. "Mama, nikufungie? Waislamu huwa wanatuomba wakazike."

"Nizike mafuta?" Habsa alicheka huku anaumwa. "Tupa huko! Nimeyabeba vya kutosha."

Kosa lilikuwa hapo. Nyumbani kwao kinachotoka mwilini, jino, nywele, kitovu cha mtoto, kinazikwa ili kisipate mwenyewe mwingine. Habsa alilijua hilo tangu utotoni.

Baada ya kitanda ikaja harufu, ya samli iliyochacha. Vitasa vya milango vikawa vinateleza. Kisha Asho akaingia chumbani polepole, akasema kwa kunong'ona.

"Habsa, umetoka jikoni saa ngapi? Sasa hivi umenijibu huko."

"Sijatoka hapa, mama."

"Walahi umenijibu! Safiyo alikuwa amekukalia magotini."

Safiyo ni binti yake wa miaka mitatu. Tangu mama arudi kutoka Nairobi mtoto alikataa kubebwa naye, analia kwamba mama ni mgumu, kwa sababu ya ule mkanda. Habsa alikimbilia jikoni ameshika mbavu. Mtoto alikuwa peke yake, anatabasamu, gauni linang'aa mafuta mgongoni.

"Mama amerudi," alisema Safiyo. "Yule laini."

Jumamosi alasiri lori la Gedi lilipiga honi langoni, na Habsa, aliyekuwa anaosha vidonda, alihangaika na mkanda wake akisikia kutoka sebuleni mume wake anacheka, na kochi linalia kwa uzito, na kicheko kingine kinamjibu, kicheko alichokijua kwa sababu kilizoea kutoka kifuani mwake yeye, na harufu ya samli ikawa nzito, akasukuma pazia, akamwona mwanamke aliyejaza kochi, amevaa dirac, lile gauni pana la Kisomali ambalo siku hizi lilimpwaya Habsa, Safiyo amelala kifuani pake, na uso ulikuwa wa Habsa, ule wa zamani.

Gedi alisimama, akamgeukia Habsa pale kwenye pazia. "Wewe ni nani, umevaa sura ya mke wangu?"

Sheikh Robow akaitwa kabla ya magharibi. Alisoma dua, na wanawake wote wawili wakaitikia amin. Akajifuta jasho. "Jini akijitengenezea mwili," alisema chini chini, "mwili huo hausikii uchungu. Nipeni sindano."

Wakampa ya kushonea magunia. Akamchoma yule mnene tumboni kidogo. "Wooi, hooyo, mama yangu!" Damu ikatoka. Safiyo akaamka analia.

Habsa alielewa, akainua mikono. "Sheikh, ngoja! Nilifyonzwa mafuta, daktari alisema tumbo litakufa ganzi..."

"Ulisema ni mawe ya nyongo," alisema Asho.

"Mama, nilidanganya!"

Sindano iliingia, na hakusikia kitu. Alipoiona imezama ndipo alipopiga kelele, lakini alikuwa amechelewa, na kila mtu aliona amechelewa. Yakatoka majimaji, bila damu.

Asho alimrushia chumvi. Gedi alimsukuma kwa fimbo hadi nje ya lango, analia, maskini, anamsomea aya zote anazozijua. "Safiyo!" Habsa aliita. Mtoto alificha uso kwenye kifua laini.

Walipoingia ndani, yule mwanamke alirudi peke yake kufunga lango, anatembea taratibu, mapaja yanasuguana. Akainama kwenye upenyo.

"Ulisema umenibeba vya kutosha," alinong'ona kwa sauti ya Habsa. "Pumzika sasa, dada. Mtoto nitambeba mimi."

Akasukuma komeo.